Mmeishusha albamu yangu kwa sababu watu waliirudia

Kwa Mkuu wa Idara ya Huduma kwa Wasanii,

YAH: KUONDOLEWA KWA ALBAMU YANGU YA KWANZA, NA MANENO NILIYOAMBIWA KWA SIMU

Ndugu Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sitawachosha na historia ya mkataba wetu wa ninyi kunisambazia muziki kwenye majukwaa ya mtandaoni, nakala yake mnayo. Kanuni zenu mmezitunga wenyewe, kwa hiyo sitawasomea. Naanza na simu ya Jumanne, maana tangu siku hiyo nimejaribu mara nne kuandika barua ya adabu na hii ndiyo ya kwanza iliyofika mwisho.

Nilisubiri dakika 41 kwenye laini. Muda wote huo nilisikiliza muziki wenu wa kusubirishia wateja, kipande kilekile kifupi kinachojirudia bila kukoma, na sijasikia kwamba kuna mtu amekishuku kuwa cha bandia. Hatimaye akapokea mhudumu. Nikamwuliza kwa nini albamu imetoweka kwenye majukwaa yote. Akasema, "Usikilizaji bandia." Nikaomba ushahidi. Akasema wimbo wa tano una akaunti zilizoupiga mara 150 kwa usiku mmoja, na hakuna binadamu anayefanya hivyo. Nikamweleza kwa upole kwamba wimbo wa tano ni wa kubembeleza watoto. Nikamsomea ujumbe wa mama mmoja aliyeniandikia kwamba mwanawe halali mpaka ausikie, na ukikatika tu anaamka. Mhudumu wenu akacheka. Kisha akasema, "Na huyo mama ulimlipa kiasi gani?"

Naomba mtu yeyote ofisini kwenu aisome sentensi hiyo kwa sauti, mbele ya wenzake.

Kwanza tumalize hesabu, kwa kuwa inaonekana hakuna aliyeifanya. Wimbo wa tano una dakika 3 na sekunde 12, yaani sekunde 192. Usiku wa saa nane una sekunde 28,800. Gawanyeni. Jibu ni 150, halina hata baki. Mzazi amebonyeza alama ya kurudia, ameweka simu juu ya kabati, amelala. Nyie mmeona roboti.

Spotify wenyewe, jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, wanaeleza kwamba usikilizaji bandia ni ule usioakisi nia ya kweli ya msikilizaji. Nia! Nitajieni mtu mwenye nia ya kweli kuliko mzazi wa mtoto anayelia saa tisa usiku.

Albamu ilitoka Ijumaa, kama zinavyotoka albamu nyingi duniani tangu Julai 2015. Niliituma kwenu mapema, nikajaza kila kisanduku: majina ya wapiga vyombo, mgawanyo wa mirabaha, namba ya utambulisho ya kila rekodi, zile herufi na tarakimu 12 ambazo mlinisisitizia nisizikosee. Sikuzikosea. Nyimbo kumi, gitaa kavu, fidla, sauti yangu, na ngoma za kompyuta kwenye nyimbo tatu. Nyingine nimeziimba chumbani, mablanketi yakiwa madirishani ili pikipiki zisiingie kwenye rekodi. Moja imeingia hata hivyo, mwisho wa wimbo wa nane, na kuna wasikilizaji wanaoipenda kuliko kiitikio.

Nataka mjue jinsi watu walivyoipokea, maana kwenye dashibodi yenu wao ni mstari unaopanda na kushuka. Hawakunisifu tu. Wapenzi wa muziki wa asili waliniambia nimeuza gitaa nikanunua kompyuta. Vijana wakaniambia ninaimba kama bibi yao, na sikujua kama ni tusi mpaka mmoja akaongeza kwamba anamkumbuka bibi yake. Mwalimu wa kwaya aliniomba noti za wimbo wa pili ili awafundishe wanafunzi sauti ya tatu, ambayo kusema kweli niliifunika kwa fidla kwa sababu niliiimba vibaya. Mlinzi wa zamu ya usiku aliandika kwamba wimbo wa tisa ni mrefu mno, ila anauacha uende kwa sababu na usiku wake ni mrefu mno. Watu watatu wasiojuana waliniambia wimbo wa saba umeharibiwa na ngoma na ungeachwa mtupu. Wako sahihi, na nimeshaurekodi upya. Roboti ya nani inalalamikia mpangilio wa ngoma?

Na wale wa wimbo wa tano. Hao waliandika kwa ufupi, kwa makosa ya herufi, kama watu wanaoandika kwa kidole gumba huku mkono mwingine umebeba kitu kizito. "Amelala." Ujumbe mzima ulikuwa neno hilo moja. Nimeupiga picha ya skrini.

Siku ya kumi na mbili mkaishusha.

Hamkunionya wala hamkuniuliza chochote. Barua pepe yenu ilikuja saa sita baada ya albamu kutoweka, ikiwa na maneno "Habari Msanii" badala ya jina langu. Habari yenyewe nilikuwa nimeshaipata kwa wasikilizaji. Walianza kuniuliza mbona nyimbo zimegeuka kijivu kwenye orodha zao. Mama mmoja, si yule wa kwanza, aliniuliza kama amekosea kubonyeza kitu. Kufika jioni watu walishaanza kusema kwamba nimenunua wasikilizaji. Sikuwa na la kuwajibu, kwa kuwa barua yenu ilinikataza "kujadili shauri linaloendelea". Kuanza kwake sikukujua, na huko kuendelea nako sikuoni.

Nafahamu mnaogopa nini. Tangu 2024 Spotify hutoza lebo na wasambazaji faini kwa kila wimbo unaobainika kuwa na usikilizaji bandia uliokithiri. Kwa hiyo mkiona moshi mnabomoa nyumba, kisha mnamtumia mwenye nyumba gharama za kubomoa. Nimeiona hiyo faini kwenye taarifa yangu ya malipo, mmeiita "marekebisho".

Wezi wapo na mimi nawachukia kuliko ninyi, maana wanachota kwenye kapu la malipo tunalogawana sote. Septemba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki mtu mmoja kwa madai ya kutengeneza nyimbo mamia kwa maelfu kwa akili bandia, kuzisikilizisha roboti, na kujipatia zaidi ya dola milioni 10 za mirabaha. Someni mashtaka hayo. Kinachodaiwa ni kwamba alizitawanya roboti zake kwenye maelfu ya nyimbo, kidogo hapa kidogo pale, ili pasiwe na wimbo hata mmoja wa kushtukiwa. Mwizi hujitahidi asionekane. Mwizi gani huyo apange foleni ya mara 150 kwenye wimbo mmoja, usiku mmoja, kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri, muda ambao watoto wamelala?

Tena nyimbo zangu mbili, wa sita na wa kumi, zilikuwa hazijafikisha mara 1,000. Mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba tangu 2024 Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafika hapo katika miezi 12. Ningekuwa na roboti ningezituma huko, zikasukume zile zilizokwama. Nisingezielekeza kwenye wimbo uliokuwa unatembea wenyewe.

Wiki mbili kabla ya albamu kutoka, watu wasiojulikana walinitumia ujumbe wakiniuzia nafasi kwenye orodha za nyimbo, "wasikilizaji wa uhakika". Niliwajibu hapana, na ujumbe wao nikauleta kwenu siku hiyohiyo ili mjihadhari. Tiketi ya taarifa hiyo kwenye mfumo wenu bado inasomeka "inashughulikiwa".

Nawakumbusha jambo moja la zamani, kwa kuwa biashara yenu ni muziki. Albamu ya kwanza ya Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani aliyekuja kuvuma duniani, ilitoka Machi 1962. Ilikuwa na nyimbo 13, alizotunga mwenyewe mbili tu, na mwaka wa kwanza iliuza nakala zipatazo 5,000. Ndani ya kampuni yake walimcheka mtayarishaji aliyemleta. Sijilinganishi naye, sijarukwa na akili kiasi hicho. Nasema tu kwamba hata kampuni iliyomcheka iliiacha rekodi yake sokoni ili wachache walioipenda waipate. Mimi mmeniondolea hata hao wachache.

Narudi kwenye simu ya Jumanne. Samahani, nilidhani nimemalizana nayo.

Mara ya kwanza sikuwaambia kwamba simu ilikuwa kwenye spika. Mpiga fidla wangu alikuwa ameketi mbele yangu. Alikuja kwa sababu nilimwambia leo tutapata majibu, naye jina lake limo kwenye mgawanyo wa nyimbo nne na hajapata hata senti. Nilipoanza kusoma ule ujumbe wa mama, mhudumu alinikatiza, akasema "ndiyo, ndiyo, endelea", kama mtu anayemharakisha mtoto amalize sala. Nikausoma wote. Unaeleza kwamba mtoto alizaliwa kabla ya wakati, na kwamba wiki za mwanzo nyumbani hakuna aliyelala. Ukafuata ukimya mfupi, nikadhani ameguswa. Ndipo akacheka. Halikuwa cheko la kebehi hasa, lilikuwa cheko la mtu anayeona ameigundua hila, na ndiyo maana liliuma zaidi. "Dada yangu," akasema, "sisi haya tunayasikia kila siku. Na huyo mama ulimlipa kiasi gani?" Mpiga fidla akainuka akaenda kusimama dirishani. Na mimi, nisichoweza kujisamehe mpaka leo, nikasema, "Sawa, asante kwa msaada wako." Nikasema asante! Kisha ikanijia sauti ya kurekodiwa ikiniomba nitoe nyota kati ya moja na tano.

Simu zenu hutangaza mwanzoni kwamba mazungumzo yanarekodiwa "kwa ajili ya kuboresha huduma". Vizuri sana. Isikilizeni.

Ninachodai ni kidogo. Rudisheni albamu kwenye majukwaa yote kwa namba zilezile za rekodi, ili hesabu za awali zisipotee na nyimbo zirejee kwenye orodha za watu zilipokuwa. Achieni mirabaha mliyoizuia, yangu na ya wapiga vyombo. Futeni hayo "marekebisho" kwenye taarifa yangu. Nawapa siku 14.

Pia nataka barua ya kuomba radhi. Nilikuwa nimeandika "ningependa", nimefuta. Barua hiyo isije kwangu peke yangu, iandikwe hadharani, iseme kwamba wasikilizaji wa wimbo wa tano ni watu. Aliyeitwa roboti ni wao, mimi niliitwa mwizi tu. Na kama mnasema akaunti zile ni bandia, nileteeni ripoti ya jukwaa lenyewe mnayoitegemea, ikionyesha tarehe na idadi. Maneno ya "mfumo umebaini" hayanitoshi. Mfumo hauna sahihi wala hauwezi kuitwa kutoa ushahidi.

Nimeusoma upya mkataba wakati naandika hapa. Kifungu cha kusitisha kinasema ninaweza kuondoka na rekodi zangu iwapo mtakiuka wajibu wenu wa kuniarifu kwanza. Hamkuniarifu. Kwa hiyo ninaondoka iwe mmerudisha au hamjarudisha, bila ada ya kujitoa, na namba za rekodi ninaondoka nazo. Nimeshazungumza na mwanasheria wa masuala ya hakimiliki. Ameniomba nisiandike barua hii. Mnaona wenyewe nilivyomsikiliza, lakini lile la pili alilonishauri nitalifuata neno kwa neno: kudai rekodi ya simu kwa maandishi, na kuipeleka pamoja na taarifa za malipo kwenye mamlaka inayosimamia haki za watumiaji huduma. Kuna wasanii wengine sita walioniandikia wiki hii wakisema yamewakuta kama yangu. Watatu kati yao wameshakubali tuwe kwenye shauri moja.

Siku 14 nilizosema pale juu nazifuta. Ni siku 7, kuanzia mtakapopokea barua hii, na nimeituma kwa njia itakayonionyesha saa mliyoifungua.

Wenu katika biashara, kwa siku hizo 7,

Mtunzi na mwimbaji wa albamu mliyoishusha

Nakala: Mwanasheria, mpiga fidla

Tanbihi: Mhudumu wenu alikiri kwamba hajawahi kuusikiliza wimbo wa tano. Nimeuambatanisha. Kwa taratibu za Spotify, sekunde 30 zinatosha kumhesabu kama msikilizaji. Akiupenda, mwambieni asiurudie.