Tone moja ama mili moja? Soma chupa kwanza

Wiki jana mama mmoja aliingia hapa kemisti na bebi amemfunga kifuani kwa leso, ndio ametoka nasari ya watoto wachanga hospitalini, kazaliwa wiki ya 31 ya mimba, mdogo hadi unaogopa kumgusa. Akaweka chupa mbili za vitamini D kwa kaunta. "Daktari, ile ya kwanza imeisha, hii nimeletewa na shemeji kutoka Uingereza, si nampa tu dropa moja kama kawaida?"

Hapana mama. Ya kwanza ilikuwa yuniti 400 kwa mili moja, ya shemeji ni yuniti 400 kwa tone MOJA. Nikachukua kisahani cheupe nikaidondosha hiyo mili moja tukihesabu pamoja, tukafika 20 na dropa bado haijaisha, yani hapo tayari ni yuniti 8,000 kwa mtoto wa kilo 2! Vitamini D ikizidi, kalsiamu inapanda kwa damu, mtoto anatapika, anakataa kunyonya, choo kinakuwa kigumu na figo zinaweza kuumia. Shukuru Mungu alikuwa hajaanza. Kama wewe ushaanza kumpa dropa nzima ya chupa kama hiyo, ibebe uende hospitali leo leo.

Sio kwamba matone ni mabaya, pritemu, yani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, anayahitaji kabisa. Madini mengi ya mifupa mtoto huyapata kwa mama miezi 3 ya mwisho ya mimba, sasa huyu ametoka kabla ya kuchukua mgao wake, na maziwa ya mama na uzuri wake wote yana vitamini D kidogo sana. Wengi hupewa yuniti 400 kwa siku, wengine daktari huongeza, ama aandike kalsiamu na fosfeti pia maana fundi bila simiti hajengi. Fuata karatasi ya dischaji, sio jirani.

Na jua? Hapa Pipeline, Nairobi, ploti zimebanana, jua liko juu kwa kamba za nguo tu, lile la kupitia kioo cha dirisha halitengenezi vitamini D, na bebi wa kilo 2 humfunui kwa baridi ya mwezi wa saba.

Kwa hivyo hata kama ulinunua kwingine, kuja na chupa, dropa yake na ile karatasi. Tunasoma pamoja, tunaweka alama kwa dropa, unampa dozi ya kwanza hapa tukiangalia, hatutozi kitu. Ile dropa ya dawa ya homa iliyobaki kwa kabati iache huko huko.