Mpaka wa udanganyifu uandikwe kwenye karatasi ya kazi

Ndugu Mhariri,

Udanganyifu ukigundulika chuoni, dawa inayotajwa ni ileile: wasimamizi waongezwe, simu ziachwe mlangoni, programu ya kunasa wizi wa maandishi inunuliwe. Chumba cha mtihani kinayahitaji hayo. Kazi za kufanyia nyumbani ni habari nyingine, maana huko hakuna msimamizi wa kuogopwa, na mwanafunzi huamua kwa kutazama wenzake wanafanya nini.

Miaka ya 1990, watafiti Donald McCabe na Linda Treviño waliwahoji wanafunzi wa vyuo vya Marekani wakakuta kwamba kilichoambatana zaidi na udanganyifu wa mwanafunzi ni imani yake kuhusu mwenendo wa wenzake, kuliko hata ukali wa adhabu. Anayesahihisha kazi za wanafunzi hawezi kulishangaa hilo. Mwanafunzi huyohuyo atakuambia kumtuma mtu akamfanyie mtihani ni wizi, lakini kugawana majibu ya kazi ya mtu mmoja mmoja atakuita kusaidiana, na wala hadanganyi anaposema hivyo: hakuna aliyemwonyesha mpaka.

Mpaka unaopotea zaidi ni wa kuandika "kwa maneno yangu mwenyewe". Kitabu kinasema: "Watoto wanaosomewa vitabu kabla ya kuanza shule hujifunza kusoma kwa urahisi zaidi." Mwanafunzi anaandika: "Wadogo wanaosomewa hadithi kabla ya kuingia darasani hujua kusoma kwa wepesi zaidi." Amebadili maneno, mifupa ya sentensi ni ileile, na chanzo hakutaja. Afundishwe kusoma aya nzima, kufunga kitabu, kuandika alichoelewa, kisha kufungua tena alinganishe. Na akishafanya yote hayo bado ataje chanzo, kwa sababu wazo si lake. Somo hili linatosha saa moja ya wiki ya kwanza, ila wengi hulipata siku wanapoitwa kwenye kamati ya nidhamu.

Asilimia ya programu ya kunasa wizi, yaani sehemu ya kazi inayofanana na maandishi mengine, nayo inasomwa vibaya mno. Asilimia 30 inaweza kutokana na orodha ya marejeo, nukuu zilizotajwa vizuri na swali lenyewe lililonakiliwa juu ya ukurasa. Asilimia 5 ya insha ya maneno 2,000 ni maneno 100, na yanaweza kuwa aya nzima iliyoibwa. Lazima mtu afungue ripoti aisome. Programu za kutambua maandishi ya akili mnemba zina hatari zaidi: OpenAI yenyewe, kampuni iliyounda ChatGPT, iliiondoa ya kwake Julai 2023 kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Kumpa mtu sifuri kwa alama ya programu peke yake ni dhuluma, na darasa likishaona asiye na kosa akiadhibiwa, halitaiheshimu tena kanuni ya kukataza udanganyifu.

Tunaomba wahadhiri waanzie kwenye karatasi ya kazi. Iseme juu kabisa mwanafunzi ashauriane na nani na mpaka wapi (kujadili wazo ruksa, kuonyeshana sentensi hapana), akili mnemba itumike kwa lipi, na rasimu ipi iambatishwe. Swali lisirudiwe mwaka hadi mwaka, kwani majibu yake hurithishwa kama vitabu. Kisha yawepo mahojiano mafupi: chagua sentensi mbili kutoka kazi ya mwanafunzi, umwombe azieleze kwa dakika tano. Darasa la watu 200 halihojiwi lote, lakini 20 kwa kura ni dakika 100 tu, na kura ikitangazwa mapema kila mmoja atajiandaa kuulizwa.

Wakuu wa idara nao wakae na kalenda kabla ya muhula. Kazi nne zikidaiwa wiki moja, usiku wa mwisho ndio wa kunakili.

Kuna pia mhadhiri anayemkemea mwanafunzi faraghani na kuyamaliza hapohapo. Nia yake ni huruma, lakini anayekamatwa kwenye masomo matatu huonekana kila mahali kama mkosaji wa mara ya kwanza, na wenzake wanajua. Kwa kosa la kwanza dogo, kazi irudiwe kuandikwa kwa alama isiyozidi ya kufaulu, na kosa liingie kwenye daftari moja la chuo ambalo kila mhadhiri huliuliza kabla ya kuamua.

Wahadhiri wa uandishi wa kitaaluma