Jiografia isiishie kwenye kukariri

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna jiografia inavyofundishwa katika shule nyingi za sekondari. Mwanafunzi anayeweza kutaja bila kusita aina zote za mvua na hatua za mto, kutoka chanzo hadi mdomo wake, mara nyingi hubabaika anapopewa ramani ya skeli ya 1:50,000 na kuulizwa urefu wa barabara, ilhali sentimita 2 kwenye ramani hiyo ni kilomita 1 ardhini, na kinachohitajika ni uzi wa kufuatisha kona na rula ya kuupimia. Kontua nazo, yaani mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, huchorwa ubaoni kana kwamba ni mapambo. Ni wachache wanaoelezwa kwamba zinapobanana mteremko ni mkali, na kwamba zinapokunja umbo la V kwenye bonde, ncha yake huelekea upande mto unakotoka.

Longitudo, yaani mistari ya ramani inayotoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini, ni vivyo hivyo: dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, hivyo kila nyuzi 15 ni tofauti ya saa 1, na aliyeelewa hilo hana haja ya kukariri kanuni.

Sipingi kukariri moja kwa moja (majina ya bahari hayana njia nyingine). Hata hivyo, napendekeza wanafunzi wasome kipimamvua kila asubuhi saa ile ile, wachore grafu kwa takwimu walizokusanya wenyewe, na mitihani ya shule itoe alama kwa kazi hiyo.

Mwalimu wa jiografia