Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Saa ya Kukamatwa

Ndugu wanachama,

Mwaka jana tulikubaliana tuache kuzungumzia haki za binadamu kwa ujumla, tushike jambo moja: zile saa za kwanza baada ya mtu kukamatwa. Nawashukuru kwa kulishika. Hesabu atawasomea mweka hazina. Mimi nitasema juu ya kazi yenyewe.

Ibara ya 9 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inataka anayekamatwa aelezwe sababu papo hapo, na akishikiliwa kwa kosa la jinai afikishwe upesi mbele ya hakimu. Tulibishana sana juu ya hilo neno "upesi". Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2014, katika Maoni ya Jumla Na. 35, kwamba kwa kawaida saa 48 zinatosha. Kuzidi hapo kunahitaji sababu ya kipekee kabisa. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la Brogan dhidi ya Uingereza la 1988, iliona hata siku 4 na saa 6 ni nyingi mno, ingawa watuhumiwa walikamatwa chini ya sheria ya ugaidi.

Sasa, hizo saa 48 zinaanza kuhesabiwa lini? Mwenzetu mmoja, wakili, alituletea nakala ya ukurasa wa kitabu cha mahabusu, majina yamefutwa. Safu ya saa ya kuingia imejazwa yote, kwa wino uleule na mwandiko uleule, toka juu hadi chini. Safu ya saa ya kukamatwa ni tupu. Niliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu. Mtu aweza kukamatwa alfajiri, akazungushwa garini mchana kutwa, na kitabu kikaonyesha ameingia saa 3 usiku. Siku yake nzima imepotea na hana pa kuidai. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa za 1988 za kuwalinda watu walio kizuizini, katika kanuni ya 12, zinataka saa ya kukamatwa na saa ya kupelekwa mahabusu ziandikwe zote mbili, na mhusika au wakili wake apewe kumbukumbu hizo.

Tuliandika barua kwa kituo kimoja kuomba tuone kitabu chake. Hatukujibiwa. Tutaandika tena.

Wapo kati yetu waliouliza kama viwango vya kimataifa vinabadili chochote katika sheria za ndani. Swali ni la haki, na jibu langu ni shauri la Salduz dhidi ya Uturuki. Kijana wa miaka 17 alihojiwa polisi bila wakili, akakiri, na maelezo yake yakatumika kumtia hatiani. Mwaka 2008 Mahakama ya Ulaya ilisema hakupata haki. Huko Scotland wakati huo polisi waliweza kumshikilia mtu saa 6 wakimhoji bila wakili. Oktoba 2010 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Cadder, ilifuata uamuzi wa Salduz, na siku iliyofuata Bunge la Scotland likapitisha sheria ya dharura. Ufaransa nayo ikabadili sheria yake ya kuwashikilia watuhumiwa mwaka 2011. Kijana yule hakuwajua watuhumiwa wa Scotland na Ufaransa, wala wao hawakumjua.

Kuhusu dhamana hatukufika mbali, na kosa ni letu: tulichelewa kuanza. Wanachama wanaohudhuria mahakamani wanasema bado wanasikia "upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine", na shauri linaahirishwa bila hakimu kuuliza ni nini hasa kilichobaki. Kamati mpya ianzie hapo.

Fomu yetu ya kuzungumza na mahabusu imeongezwa mistari miwili, nayo iko juu kabisa, kabla ya jina la kosa: ulikamatwa saa ngapi, na nani alikuwepo. Naomba muulize hayo kwanza, mtu angali anakumbuka. Nakala ziko kwa katibu.

Mwenyekiti