Kuchapa kwa mkono mmoja: tuanze na kompyuta uliyonayo

Katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya kahawa huko Mbozi alifika dukani kwetu Mwanjelwa, Mbeya, akiulizia kibodi maalumu. Kiharusi kilikuwa kimeunyong'onyeza mkono wake wa kulia, na muhtasari wa kikao aliozoea kuumaliza kabla ya chakula cha mchana sasa ulimla siku mbili. Hatukumuuzia kibodi. Tulimwomba afungue muhtasari wa mwisho, tukakaa pembeni kumtazama anavyochapa.

Kilichomtesa kwanza ni vitufe vya kubonyezwa pamoja. Kila herufi kubwa ilimlazimu kukandamiza Shift kwa kidole kidogo huku akinyoosha vingine mpaka mkono unatetemeka. Windows ina njia: bonyeza Shift mara 5 mfululizo, kubali swali linalotokea. Kuanzia hapo unabonyeza Ctrl, unaachia, ndipo unabonyeza C, na kompyuta inakuelewa. Wengi swali hilo likitokea hulifunga upesi kwa kuliona kero. Mzee wetu alilisoma mara mbili, akacheka.

Kisha vifupisho, na hapa ndipo kazi ilipopungua hasa, maana muhtasari hurudia sentensi zilezile kila kikao. Kwenye AutoCorrect ya Word unaingiza mara moja kifupisho na sentensi yake; baadaye ukikiandika na kugusa kitufe cha nafasi, sentensi nzima inatokea. Mwanzoni tulikosea. Tulifanya neno "kata" lilete jina kamili la kata yake pamoja na Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Akaandika "mtendaji wa kata", anwani yote ikamwagika katikati ya sentensi. Siku hizi vifupisho vyetu vyote huanza na x. Kiswahili hakiitumii, hivyo haigongani na neno lolote, tena iko kushoto mwa kibodi, upande wa mkono wake mzima. Akiandika "xf" anapata: "Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru wajumbe."

Nje ya Word, vifupisho hivyo tunavitengeneza kwa AutoHotkey, programu ya bure. Kuandika kwa sauti kwenye Google Docs kunawezekana kwa Kiswahili, ila kunataka bando na chumba tulivu.

Ukija, njoo na kompyuta yako na nyaraka unazochapa mara kwa mara. Tuambie kidole kipi kinauma na unachoka baada ya muda gani. Mnaotoka mbali, Tukuyu au Makambako, njooni na ndugu mnayeishi naye: tutamfundisha kuongeza vifupisho vipya, msilipe nauli kwa ajili ya neno moja.