Mhariri, leza si ya kukata vyuma tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Kila magazeti yakiandika habari za leza ni kukata vyuma, kuchonga mbao na kuondoa nywele mwilini, basi imeisha, na kijana anayetaka kuanza biashara ya teknolojia anabaki kudhani leza ni kisu cha mwanga na mashine kubwa ambayo hataiweza. Wakati kuna leza nyingine kabisa, nguvu zake ndogo, hata karatasi haikati, ila unaweza kuibadilisha rangi, yaani urefu wa wimbi lake, ukalisogeza taratibu kama mtu anayezungusha kitufe cha redio akitafuta stesheni. Mi naiita leza ya kutyuni na ndo kazi yangu.

Leza ya kwanza kabisa, ile ya Theodore Maiman ya mwaka 1960, ilitumia rubi na ilikuwa inatoa mwanga mwekundu wa nanomita 694 (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni), utake usitake. Mwaka 1966 Peter Sorokin na John Lankard wa kampuni ya IBM wakapata leza inayotumia rangi iliyoyeyushwa kwenye kimiminika, na kule Ujerumani Fritz Schäfer akafika hapohapo kivyake, na hizo rangi ndo zilifungua mlango wa kutyuni. Baadaye, mwaka 1982, Peter Moulton akaleta ya kioo cha safaya chenye titani, hiyo inatembea kuanzia kama nanomita 650 hadi 1100. Ni mashine nzuri sana lakini ni za maabara. Ya biashara ni diodi, kipande cha elektroniki kinachotoa mwanga, kidogo kuliko punje ya mchele, ukiipandisha joto digrii moja tu wimbi linasogea kama sehemu moja ya kumi ya nanomita, na ukiichezea umeme linasogea pia tena kwa haraka zaidi.

Sasa kusogea huko kunasaidia nini? Kila gesi ina rangi zake inazozimeza. Methani inameza kwenye nanomita 1653, amonia karibu na 1512, oksijeni 760. Unapitisha mwanga hewani huku unausogeza huku na huku, ukiona umepungua palepale kwenye 1653 na pembeni yake uko sawa basi hiyo ni methani, lakini ukiona umepungua kotekote ujue ni vumbi au ukungu au lenzi imechafuka. Leza isiyosogea haiwezi kukutofautishia haya mawili hata iwe na nguvu vipi, na hapo ndipo nawaomba waandishi wapaelewe vizuri kabla ya kingine chochote.

Kuna vifaa vya kushika mkononi vinavyofanya hivyo kwa methani, fundi anasimama chini anaelekeza mwanga kwenye bomba lililo juu ukutani, mwanga unarudi, anajua kama kuna uvujaji bila kupanda ngazi. Wenye mabomba ya gesi wanaihitaji, wenye mitambo ya biogesi, wenye madampo ya taka, na kwa upande wa amonia kuna maghala ya baridi na mabanda makubwa ya kuku. Mi nilianza vibaya, nikawa nazunguka kuuza kifaa chenyewe na hakuna aliyenunua, watu wanakiangalia wanakisifia wanakurudishia. Nilipobadilisha nikasema naja kukagua, naweka alama kila panapovuja, nakuachia ripoti, alafu narudi baada ya miezi kadhaa kuhakikisha mmeziba, simu zikaanza kupigwa. Mwenye bomba hana haja ya leza, ana haja ya kujua panapovuja. Kwa hiyo anayetaka kuanza namshauri achague gesi moja, wateja wa aina moja, aijue hiyo kazi mpaka mwisho, asianze na gesi tano.

Kwenye mawasiliano nako zimejaa. Uzi mmoja wa faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga, unabeba chaneli kibao, kila moja na rangi yake, mara nyingi zimepishana kama nanomita 0.8 au nusu yake, na zamani ilibidi kuweka akiba ya spea ya kila rangi ila ya kutyuni moja inaziba pengo lolote. Kupima na kupanga hizo chaneli ni kazi ya fundi mdogo mwenye kifaa kizuri.

Lingine ninalolipenda ni kupima madaraja na majengo. Ndani ya faiba inachorwa mistari midogo mingi iliyofuatana inayorudisha rangi moja tu, faiba ikivutika kidogo hiyo rangi inahama, na leza ya kutyuni inapita kuitafuta imehamia wapi. Shida ni kwamba joto nalo linaihamisha, kama pikomita 10, yaani sehemu moja ya mia ya nanomita, kwa digrii moja, kwa hiyo lazima uweke na faiba nyingine iliyolegea ya kupima joto peke yake, usipofanya hivyo utamwambia mwenye daraja limepinda kumbe ni jua la mchana tu. Hospitalini zipo pia, za kuchunguza macho, ila mambo ya tiba yana vibali vingi na ni haki yawe navyo, siyo pa kuanzia.

Mwisho Mhariri, na hili naomba lisikatwe: miwani ya kinga. Miwani inazuia rangi fulani tu, ukishaityuni leza ikatoka nje ya hizo rangi umevaa kioo cha kawaida na hujui, na nyingi ya mianga hii haionekani kwa macho, jicho linaumia bila hata kuona kitu. Kabla ya kuwasha soma namba zilizoandikwa kwenye fremu ya miwani, uzilinganishe na mwanzo na mwisho wa mwendo wote wa leza yako, siyo pale ilipo saa hiyo tu.

Ukinipa nafasi nyingine niko tayari kuandika hatua kwa hatua jinsi sensa ya methani inavyounganishwa, pamoja na michoro.

Msomaji wako, fundi wa vifaa vya mwanga