Kabla hujamtumia mama ile sauti

Rafiki yangu mpendwa,

Umeniuliza mara mbili kwa nini nimekuwa kimya kwenye grupu, na mara ya pili ukaongeza, "au umetuchoka?" Sijawachoka. Naona haya tu, na haya zenyewe hazielezeki kwa ujumbe wa mistari miwili, ndiyo maana nakuandikia barua.

Unaikumbuka picha ya mafuriko niliyoituma alfajiri ile, watu wamekaa juu ya mapaa? Niliiona nikiwa bado kitandani, jicho moja limefumba, nikaisambaza kwenye makundi matatu kabla sijaketi. Mchana nikagundua ni picha ya zamani, ya mahali pengine kabisa. Wala sikuhitaji utaalamu: niliitafuta mtandaoni kwa picha yenyewe, dakika haikuisha. Nikaandika masahihisho. Picha ilikuwa imejibiwa na watu kumi na kitu. Masahihisho yalipata dole gumba moja, la kwako. Ahsante kwa hilo. Wiki mbili baadaye picha ileile ikanirudia kutoka kwa shangazi, ina ile mishale miwili inayoonyesha kwamba ujumbe umepita mikono mingi, na chini yake maelezo mapya ya kutisha zaidi. Nikabaki najiuliza kama mmoja wa mikono hiyo ulikuwa wangu.

Nilijitetea kwa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Lakini nikaifikiria vizuri. Wahenga walilisikia jambo kwa watu watatu waliolipata mahali patatu tofauti. Sisi tunalisikia kwa watu thelathini walioambiwa na mmoja, na akili haioni tofauti. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwasomea wanafunzi sentensi 60, za kweli na za uongo, wakawaomba wapime ukweli wake. Walifanya hivyo mara tatu, kila baada ya wiki mbili, na baadhi ya sentensi zilijirudia. Zile zilizojirudia zikazidi kuaminika kila awamu, hata za uongo. Hakuna ushahidi ulioongezwa. Masikio yalizizoea tu. Tangu nisome hilo nayatilia shaka mengi ninayoamini "nayajua", hasa ya afya.

Tena nilikuwa nikiilaumu mitambo kwamba ndiyo inayosambaza uongo. Mwaka 2018 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa uliozidi wa habari za kweli kwa asilimia 70. Walipoziondoa akaunti zinazoendeshwa na roboti, yaani programu zinazotuma ujumbe zenyewe, matokeo yakabaki yaleyale. Ni sisi. Uongo huja na jambo jipya, la kushangaza, nasi tunapenda kuwa wa kwanza kuwashangaza wenzetu. Mimi asubuhi ile sikuwa na nia ya kumsaidia mtu yeyote wa kwenye mapaa, nilitaka niwe wa kwanza.

Usidhani tatizo langu ni uongo peke yake. Kuna habari za kweli kabisa zilizoninyima usingizi, nikifuatilia msiba mmoja mpaka saa nane za usiku kana kwamba macho yangu yangemwokoa mtu. Baada ya mabomu kulipuka kwenye mbio za marathoni za Boston, Marekani, Aprili 2013, watafiti waliwauliza watu hali zao. Waliotazama habari za tukio hilo saa 6 au zaidi kwa siku, wiki nzima iliyofuata, walieleza mfadhaiko mkubwa kuliko watu waliokuwa pale pale mabomu yalipolipuka. Hapo nilirudi nyuma nikasoma tena.

Sasa simu inalala sebuleni. Arifa nimezima zote isipokuwa za kupigiwa. Habari nasoma mara moja, jioni, na ikitokea moja inayonipandisha damu siigusi mpaka nimalize kazi nyingine, hata kama ni kufua tu. Siku za mwanzo nilijiona kama mtu aliyesahauliwa nje ya mlango. Wala sijawa mtakatifu: jana nimepoteza dakika arobaini nikitazama video za watu wakiosha mazulia. (Ni mazuri, yale mazulia.)

Jambo lenyewe hasa ni hili. Ile sauti ya "daktari" uliyoituma juzi, anayesema vidonge vya presha vinaua figo na watu waviache, nimeisikiliza mpaka mwisho. Hataji jina lake, hataji anafanya kazi wapi, wala hasemi vidonge gani. Anachosema waziwazi ni "watumie wote uwapendao." Najua uliituma kwa upendo, kama mimi na picha yangu. Lakini mama anavitumia vidonge hivyo, na wewe ndiye anayekuamini kuliko daktari wake. Kama hujamtumia, isubirishe. Kama umeshamtumia, mpigie leo, umwambie asiache hata kimoja mpaka muende pamoja kumwona daktari, na hiyo sauti mumsikilizishe na yeye.

Kisha nipigie unieleze amesemaje. Nikichelewa kupokea, ujue simu iko sebuleni.

Wako wa siku zote